Pazia la Magunia

Ukuta ndio ulionijibu. Nilikuwa nimeuliza nani anaweza kunitajia neno linaloanza na "ba", na wanafunzi wangu, watu wazima wenye ndevu na wajukuu, wakainamisha vichwa na kutazama vidole vya miguu yao. Kisha kutoka kwenye matundu ya hewa ya ukuta wa nyuma, sauti ya kiume ikasema taratibu, "Banda."

Mpaka leo, nikijilaza mchana na usingizi ukaanza kuninyemelea, sauti ile hunijia kabla ya sauti nyingine zote za miaka ile. Huwa simwoni mtu. Naona ukuta wa matofali ya kuchoma, naona mwanga unapita kwenye matundu, na naona pamba.

Nianze na pamba basi. Ilikuwa miaka ya sabini, katika kijiji kimoja kati ya Shinyanga na Geita, muda si mrefu baada ya watu kutolewa kwenye makazi yao ya zamani na kupangwa kwenye vijiji vya pamoja, nyumba kwa nyumba, mstari kwa mstari. Asubuhi nilikuwa mwalimu wa watoto. Alasiri nilikuwa mwalimu wa wazazi wao, na darasa letu la kisomo lilikuwa ghala la pamba la kijiji, kwa sababu madawati ya shule yalikuwa madogo, mtu mzima akiyakalia magoti yanamfika kidevuni. Ghala lile hata likiwa tupu halikuwa tupu. Nyuzi za pamba zilibaki hewani mwaka mzima. Zilielea ndani ya miale iliyopenya kwenye matundu ya misumari ya bati, zikatua kwenye nywele, kwenye nyusi, mabegani. Tukianza somo kila mtu alikuwa na umri wake. Tukifika katikati wote tulikuwa na mvi, hata mimi msichana wa miaka ishirini na kitu. Tukitoka nje tukajipangusa, ujana unarudi. Kwa lile joto, na zile sauti nzito zikivuta a, e, i, o, u pamoja, mara nyingi sikuwa na hakika kama nafundisha au nimesinzia na kuota nafundisha.

Mimi si mtu wa huko. Nilizaliwa Tabora mjini, nyumba ya Kiswahili kitupu, na nilipopangiwa kazi nilifika na sanduku la bati na hasira zangu za karibu. Kabla ya kuanza kisomo tuliitwa Shinyanga mjini kwa semina fupi. Tulifundishwa namna ya kugawa somo, namna ya kusimama mbele ya watu waliokuzidi umri, namna ya kumsahihisha mtu bila kumvunjia heshima. Siku ya mwisho mkufunzi, huku anafunga jalada lake, akasema, "Na mtawashauri." Nikasubiri aendelee. Akasema chakula kiko tayari, tukaenda kula wali. Hayo ndiyo mafunzo yote ya ushauri niliyowahi kupata maishani mwangu. Baadaye, nilipobanwa, nilijaribu kukumbuka kama kuna neno lilinipita siku ile, lakini nilichokumbuka ni wali tu.

Maana mtu mzima haji darasani peke yake. Mtoto huja na njaa yake na usingizi wake, basi. Mtu mzima huja na mke asiyesema naye, na ndugu aliyemdhulumu shamba, na macho yaliyoanza kufifia, na ng'ombe aliyelala chini tangu juzi hataki kuinuka. Vyote hivyo anakaa navyo kwenye gogo moja, na wewe unamwambia asome "baba analima."

Wanafunzi wangu walikuwa na namna yao ya kuyaleta mambo, na hakuna aliyewafundisha. Kifutio chetu kilikuwa kipande cha blanketi kuukuu kilichokunjwa na kufungwa kamba. Somo likiisha, mwenye jambo husema, "Mwalimu, leo nifute mimi." Hapo wenzake wote huinuka, hata aliyekuwa katikati ya maongezi huyakatisha, wakatoka na kutuachia ghala. Mfutaji hunipa mgongo na kufuta polepole, akizungumza na ubao. Ukiona ubao unang'aa kuliko kawaida, ujue jambo ni zito. Mzee mmoja aliusugua mpaka nikahofia rangi itabanduka, kumbe alitaka kujua kama akifa kabla ya kumaliza kitabu, kitabu atapewa nani. Nikamwambia asome haraka. Alicheka mpaka akakaa chini, na kitabu alikimaliza.

Ushauri wangu mwingi ulikuwa wa namna hiyo. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto, sikuwa na shamba, na niliulizwa habari za waume, za watoto na za mashamba. Nilijibu kwa sababu nilikuwa na mdomo, na kwa sababu waliniita Mwalimu.

Sasa nirudi ukutani. Sauti ile iliposema "Banda", nilikuja juu. Nilidhani ni mhuni anatuchezea. Nikatoka nje, nikazunguka ghala, nikamkuta kijana wa rika langu, mrefu, mjeledi wa kuswagia maksai begani, sikio amelitega kwenye tundu la hewa.

"Darasa liko ndani," nikamwambia kwa sauti yangu ya kufokea watoto. "Wewe unasoma na nani huku?"

"Nasoma, Mwalimu," akasema, macho chini.

"Ingia ndani basi."

"Siwezi, Mwalimu."

"Miguu huna?"

"Ninayo."

Nikarudi ndani natoa povu, nikakuta mama mmoja, mjane aliyekuwa akikaa karibu na mlango, amejifunika kanga uso mzima, na wanawake wenzake wanacheka chini kwa chini. Hakikuwa kicheko cha dharau. Mmoja wao akaniambia, kwa upole ule wa kumwelekeza mgeni njia ya kisimani, "Yule ni mkwewe, Mwalimu. Ameoa binti yake. Ni bukwi."

Bukwi kwa Kisukuma ndio ukwe, nao nilielezwa siku ile kipande kwa kipande. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawasemeshani. Akimwona anakuja, huacha njia na kuingia porini mpaka apite. Si ugomvi hata kidogo. Ni heshima, tena ndiyo heshima kubwa kuliko zote walizo nazo. Zamani ilikuwa rahisi kuitunza, maana mkwe aliishi ng'ambo ya mlima. Lakini siku ya kugawa viwanja vya kijiji kipya, kamba ilivutwa, watu wakaitwa mmoja mmoja kwa jina, na hakuna aliyethubutu kusema. Yule mama akapewa kiwanja. Kiwanja kilichofuata akapewa mkwewe. Kati yao kukawa na uzio wa minyaa tu. Halafu kijiji kizima kikapewa darasa moja.

Nikakasirika upya, safari hii sijui kwa nani. Kesho yake nikamwomba mtunza ghala magunia yaliyochakaa, wanawake wakayashona kwa sindano kubwa ya kushonea marobota, tukatundika pazia katikati ya ghala kutoka ukuta wa nyuma mpaka ubaoni. Bahati nzuri ghala lilikuwa na milango miwili. Wanawake wakaingia kwa mlango mdogo, wanaume kwa mlango mkubwa wa kupakilia. Pazia liliukata ubao nusu kwa nusu, kwa hiyo kila kitu nilikiandika mara mbili, na mimi peke yangu, nikisimama mbele, ndiye niliyeona pande zote. Magunia hayakutosha kufika chini. Ilibaki nafasi ya shibiri moja hivi juu ya sakafu, na katika nafasi ile upande mmoja uliona miguu ya upande wa pili. Yule kijana akaingia darasani, akakaa kwenye gogo, na ukuta haukujibu tena.

Kuna kitu kingine lazima nikitaje hapa, nacho ni shamba. Njia yangu ya kwenda ghalani ilipita kando ya kipande kimoja kilichokatuliwa kwa plau, kazi safi, mistari imenyooka, halafu kikaachwa. Hakikupandwa pamba wala mtama wala chochote. Mvua zilikuja zikapita, magugu yakaota na kukauka. Bwana shamba akipita pale hutikisa kichwa, na mimi kwa ukali wangu nilikitaja darasani zaidi ya mara moja. Mtu anahangaika na maksai, analima, halafu anaacha? Ndiyo kilimo gani hicho? Upande wa wanaume, miguu ya yule kijana ilirudi nyuma chini ya gogo, na mimi nikaendelea na somo.

Msimu wa kununua pamba ulipofunguliwa, yule mama aliomba kufuta ubao. Wenzake wakatoka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini isiyopanda kwa lolote.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana niliona mgongo wake umejikunja.

"Marahaba, mwanangu Mwalimu." Akafuta kidogo. "Binti yangu yuko kwangu. Amerudi."

Akanieleza. Binti na mumewe walipata mtoto wao wa kwanza, wa kiume. Mvua za kwanza zilipoanza, mtoto akashikwa na homa, akafa. Wakamzika jioni. Alfajiri ya pili yake mume akafunga maksai nira, akaenda kulima. Akarudi, akala, akalala. Hakulia. Hakusema kitu juu ya mtoto, si siku ile wala siku yoyote iliyofuata. Binti akakaa naye mpaka mtama ukachanua, akisubiri mumewe amtaje mtoto japo mara moja. Hakumtaja. Ndipo akakunja mkeka wake, akavuka uzio wa minyaa, akaingia kwa mama yake.

"Anasema ameolewa na plau, mwanangu. Mume akipita njiani, yeye anageuza uso."

"Na wewe unasemaje?"

"Kaka zangu wamekata kauli. Wanasema pamba ikishapakiwa yote ikaenda kiwandani, watakuja kuswaga ng'ombe wa mahari wawarudishe kwa mwenyewe. Wakirudi, basi, hakuna ndoa tena." Akasugua ubao mahali palipokuwa safi tayari. "Mimi namsikia kila alfajiri ng'ambo ya uzio, anawasemesha maksai wake. Anawabembeleza. Mtu asiye na moyo hawezi kusema na ng'ombe namna ile. Lakini mimi ni mkwe, nitamwuliza kwa mdomo gani?"

Kwa desturi yao angekuwapo mshenga, mtu wa kupeleka maneno na kurudisha. Mshenga wao alikuwa baba mdogo wa kijana. Alipangiwa kijiji kingine, mbali, na huko ndiko alikofia. Kwa hiyo palibaki uzio tu, na darasa langu.

"Wewe mwulize," akasema mama, akaniwekea kifutio mkononi.

Kesho yake, kwa kiherehere changu, somo lilipoisha nikamwita kijana kwa sauti mbele ya watu: "Wewe leo ufute ubao." Wanaume wakatazamana. Akaja, akachukua kifutio, akafuta nusu yake bila neno, akakirudisha na kutoka. Niliaibika mpaka masikio yakapata moto. Kumbe kifutio hapewi mtu. Mwenye jambo lake huomba mwenyewe, na siku anayotaka yeye.

Nikangoja. Wakati huo pamba ilikuwa inaingia. Wakulima walikuja na mikokoteni, mizani ikatundikwa nje, na kila siku tuliyokutana mlima mweupe ulikuwa umetusogelea zaidi kutoka nyuma. Tukasukuma magogo mbele. Pazia tulilikunja tukalifupisha. Nyuzi hewani zikawa nzito, tukasoma ndani ya ukungu, watu wakiniangalia kwa kope nyeupe. Nilikuwa natazama lundo lile kwa hofu, maana nilijua likishapakiwa lote ni nini kitafuata. Kijijini watu wanafurahi pamba ikijaa. Mimi mwaka ule niliiombea ichelewe.

Alasiri moja nilikuwa nimeandika ubaoni sentensi ya kitabuni: "Mtoto amelala." Hata sikufikiri. Tulipomaliza, yule kijana akasimama.

"Mwalimu, leo nifute mimi."

Wenzake waliondoka haraka kuliko siku zote. Akafuta muda mrefu. Nilisikia wapakiaji wakiimba nje.

"Mimi sina maneno," akauambia ubao. "Nilipokuwa mdogo mbwa wangu alikufa, nikalia, baba akanichapa. Tangu hapo yakinifika hapa yanarudi." Akajigusa koo. "Mke wangu anataka niseme. Nataka kusema. Kila siku nataka. Naanza kusema habari za maji ya maksai."

Nilikuwa na ushauri mmoja tu mfukoni, nao ni "mwambie," na mtu alikuwa amesimama mbele yangu ananieleza kuwa hilo ndilo asiloliweza. Nikatazama ubao. Alikuwa ameifuta nusu yake yote, pembe zote, akazunguka neno moja na kuliacha pale pale lilipokuwa: mtoto. Sikuwahi kuona mtu anateseka namna ile bila sauti.

"Basi usiseme," nikamwambia. "Soma."

Akageuka. Nikamweleza, nikiyabuni yale maneno huku nayatamka, kwamba kuanzia somo lijalo kila mtu atatunga sentensi yake mwenyewe, ataiandika kwenye kibao chake na kuisomea darasa.

Akafikiri kama mzee wa baraza. "Nikisoma, na yule mama yupo upande wa pili, si nitakuwa namsemesha?"

"Unanisomea mimi. Ni somo."

"Kusoma si kusemesha."

"Si kusemesha hata kidogo."

"Wabeja, Mwalimu," akasema. Ndivyo Wasukuma wanavyoshukuru. Akachukua mjeledi wake na kwenda.

Kwa hiyo tukaanza. Zamu yake ilipofika alisimama, akaweka kidole kwenye kibao, akasoma: "Maksai wangu mweusi hataki kuvuta." Akaketi. Zamu ikaenda upande wa wanawake. Yule mama akasimama, akanitazama mimi usoni kama mtu anayeapa, akasoma: "Uzio wa minyaa una tundu." Darasa zima likakohoa. Somo lililofuata kijana akasoma: "Tundu la uzio ni la mbuzi." Mama, bila kutabasamu: "Mbuzi ana akili." Wanaume walicheka mpaka nyuzi zikapeperuka. Watu waliokuwa watoro walirudi wote. Wakaja na wasioandikishwa, wakasimama milangoni. Hakuna aliyezungumzia jambo hilo nje ya ghala, na ndani ya ghala lilikuwa somo.

Lakini tulikuwa tunazunguka. Tulisikia habari za plau, za kupe, za maji. Kuhusu mtoto, hakuna. Lori likaanza kuja kuchukua pamba, lundo likapanda na kushuka, kisha likajazwa kwa mara ya mwisho. Mama akaomba kufuta ubao.

"Kesho lori linamaliza, mwanangu. Kesho kutwa kaka zangu wanakuja." Akafuta. "Je, naweza kuja na binti? Hajaandikishwa."

"Mlete, mama. Darasa ni la kijiji."

Siku ya mwisho ile naiona vizuri kuliko jana, ingawa naiona kwa ukungu. Pamba ilikuwa imefika mpaka juu nyuma yetu, tukabanwa kati yake na ubao, magoti ya wanaume na magoti ya wanawake yakikaribia kugusana kupitia magunia. Binti aliingia na mama yake kwa mlango mdogo. Alikuwa amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Akaketi, akatazama chini, nyuzi zikaanza kumtulia kichwani. Kwenye mguu wake wa kushoto alikuwa na kovu refu la jembe. Upande wa pili hakuna aliyejua kuwa yupo.

Zamu zikapita. Kijana akasimama na kibao chake. "Maksai wangu hawa..." akaanza, na hapo akanyamaza.

Nilikuwa mbele, niliona pande zote. Alikuwa anatazama chini, ile nafasi ya shibiri moja, miguu ya wanawake iliyopangana ng'ambo ya pazia. Alikuwa ameuona mguu wenye kovu. Akautazama muda. Kisha akafuta kibao kwa kiganja, mpaka kikawa cheusi, akaketi, akaanza kuandika upya. Chaki ililia juu ya kibao. Hakuna aliyekohoa. Nje wapakiaji walikuwa wakihesabu magunia. Aliandika kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo kama mtoto, na sikumharakisha, mimi niliyekuwa namharakisha kila mtu.

Akasimama. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Shamba... nililolima... siku ile... sikupanda kitu."

Nikakiona kile kipande cha kando ya njia, mistari yake iliyonyooka na magugu yake. Alifunga maksai alfajiri ile kwa sababu mikono yake haikuwa na kitu kingine cha kushika. Akalima mpaka mwisho. Na alipokwisha kulima hakuweza kutia mbegu kwenye udongo, maana jana yake alikuwa ametia kitu kingine. Msimu mzima kilikuwa wazi pale, watu wote tukapita.

Upande wa wanawake, kutoka ndani ya kanga, sauti ya yule mama ikasema, "Mwalimu, mwambie asome tena."

"Soma tena," nikasema, kwa shida.

Akasoma tena, bila kidole. Neno la mwisho likamkatikia mdomoni, akalia. Alilia amesimama, kibao mkononi, makamasi yakimtoka, na wanaume wenzake wakainamisha vichwa kumsitiri. Mimi nililia pia, mbele ya darasa langu, na sioni haya kulisema.

Nilipofuta macho, mguu wenye kovu haukuwapo. Nikasikia mlango mdogo ukifungwa. Nikadhani tumeharibu, kwamba amekimbia, kwamba kesho ng'ombe watapita kijijini wanaswagwa na kila mtu atasimama kuwatazama. Mama alibaki ameketi, mikono mapajani, hakunigeukia. Kijana naye alikuwa ameona nafasi tupu ya mguu ule. Akakaa chini taratibu.

Kisha mlango mkubwa ukaingia kivuli. Binti alikuwa amelizunguka ghala lote kwa nje, katikati ya wapakiaji na lori lao, akaja kusimama kwenye mlango wa wanaume. Hakuingia ndani. Alikuwa mweupe wa pamba kuanzia kichwani hadi mabegani, kanga imemshuka, na uso wake ulikuwa wazi. Akamtazama mumewe.

"Twende nyumbani," akamwambia. "Maksai hawajanywa maji."

Kijana akainuka, akaenda naye. Kibao alikisahau kwenye gogo.

Darasa likawa halina la kufanya. Ndipo yule mama akasema, "Mwalimu, leo nifute mimi," na watu wote wakatoka kama desturi. Nikasubiri aniambie jambo. Hakuwa na jambo. Alifuta nusu ya wanawake kimya kimya. Alipomaliza akasikiliza kidogo, akahakikisha upande wa pili hakuna mtu, akaliinua pazia, akapita chini yake na kufuta nusu ya wanaume pia. Kibao kilichokuwa kwenye gogo hakukigusa. Kaka zake walikuja siku waliyosema, wakakaribishwa ugali na maziwa mgando, wakaulizwa habari za huko watokako, na ng'ombe wakabaki walipokuwa.

Sikukaa sana baada ya hapo. Nilihamishiwa upande wa Geita, nikafundisha kisomo huko pia, wanafunzi wengine, mambo mengine, na kila nilipofika mahali niliweka kifutio cha blanketi. Watu huniuliza siku hizi tulikuwa tunawashauri nini wale watu wazima. Nawaambia tulishona magunia, wanadhani uzee umenizidi.

Lakini kabla sijahama mvua zilianza, na asubuhi moja nilipita ile njia yangu ya kwenda ghalani. Kulikuwa na ukungu wa alfajiri, na nilidhani macho yananidanganya. Wale wawili walikuwa kwenye kile kipande, bega kwa bega, kila mmoja na jembe lake la mkono, wameinama. Walikuwa wanapalilia. Hawakuwa wamepanda kitu, udongo ulikuwa mtupu kama mwaka uliopita, na wao waling'oa gugu moja moja, wakalikung'uta na kuliweka kando, kama watu wanaosafisha kaburi. Niliwasalimu, wakaitikia, wakaendelea kupalilia.